Mlima Rubavu si mrefu, ila nilichelewa kuupanda

UKIWA Gisenyi huwezi kuukosa Mlima Rubavu. Umeinuka juu ya mji, nao una jina moja na wilaya yetu. Si mrefu wa kutisha. Mbele ya Nyiragongo, yenye mita 3,470, ni kilima tu.

Mimi niliujua kwanza kutoka upande wa pili. Nilizaliwa na kusoma Goma, uhamishoni. Asubuhi, kabla sijaenda shule, marehemu baba alikuwa akininyooshea kidole: "Ule ni Rubavu. Kule ndiko kwetu." Alifariki mwaka 1992 bila kuukanyaga. Mimi nilirudi mwishoni mwa 1994 nikiwa na miaka 15. Tangu hapo nimeishi na kufundisha chini yake, wala sikuwahi kuupanda.

Jumamosi moja, katikati ya msimu wa mvua, nilimwomba jirani yangu, mama anayevusha nyanya kwenda Goma kupitia Petite Barrière, tuupande pamoja. Akacheka. "Mwalimu, huko juu kuna soko?"

Tuliondoka saa 12 asubuhi. Njia ilikuwa tope tupu. Mguu ukizama, kiatu kinabaki. Mama alivua vyake akatangulia peku na fimbo mkononi, nami nikamfuata nikiteleza. Zamani watu walijenga na kulima kwenye miteremko hii. Walihamishwa kwa kuhofia maporomoko, na miti ikapandwa.

Ukungu ulipoondoka tuliona miji miwili kama mmoja. Mpaka waliokubaliana wakoloni mjini Brussels mwaka 1910, huu unaotupanga foleni, hauonekani kabisa kutoka juu. Nikautafuta mtaa wa shule yangu. Lava ya Nyiragongo iliufunika Januari 2002. Katika vile nilivyovitazama utotoni, mlima huu ndio uliobaki kama ulivyokuwa.

Mama alitazama kimya, kisha akasema: "Kumbe ni hapo tu! Na mimi kila jioni narudi hoi kana kwamba nimetoka Kigali."

Msomaji, ukitaka kupanda, ngoja siku mbili zisizo na mvua, uulize wenyeji njia, uvae buti. Mimi nimerudi tena, safari hii na wanangu. Sikuwanyooshea kidole kwa mbali, tuliukanyaga wote.