Bili ya Lojing'i Ikipanda Asubuhi: Ipi Ulipe, Ipi Upinge

Dereva wa lori anafika Malaba saa nne usiku. Foleni ya kuingia forodhani haisogei, kwa hivyo anachukua chumba katika lojing'i iliyo kando ya barabara. Anaambiwa chumba ni shilingi 1,500. Alfajiri wakala anampigia simu kwamba karatasi za mzigo zimepita. Anateremka mbio na begi lake, kisha anapewa bili ya shilingi 2,600: chumba 1,500, mtu wa pili (yaani utingo wake) 500, kuegesha lori 300, na taulo 300. Askari wa lango anashikilia begi hadi pesa zitimie.

Dereva huyu tumemtunga, lakini hali yake si ngeni kwetu. Hata mkazi wa Budalang'i anayelala mjini Busia ili awahi kesi mahakamani anaweza kukutana nayo.

Mwenye lojing'i ana uhuru wa kupanga bei, na usiku wa foleni ndefu hakuna anayeshangaa ikipanda. Sheria inachouliza ni kama mteja alifahamishwa. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike na huduma aliyolipia. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Ushindani ya 2010 kinakwenda mbali zaidi: mtoa huduma hapaswi kumtoza mteja ada ambayo hakumjulisha mapema.

Turudi kwa bili ya dereva wetu. Ikiwa langoni pana kibao kinachosema kuegesha lori ni shilingi 300, au askari alimwambia alipokuwa akiingia, hiyo ni halali yao na ailipe. Zile 500 za utingo ni jambo jingine. Mhudumu aliwaona watu wawili, akawapa ufunguo mmoja, akataja bei moja. Hapo dereva ana haki ya kuuliza kwa upole, "Dada, hii ya mtu wa pili niliambiwa saa ngapi?" Kama hakuna kibao wala aliyemwambia, ana msingi wa kukataa.

Taulo ndiyo huleta kelele nyingi zaidi. Ikiwa 300 ni ada ya kutumia taulo, inafuata kanuni ile ile ya kufahamishwa mapema. Ikiwa ni fidia kwa sababu taulo limeharibika kwa grisi, basi aombe kulionyeshwa na aulize bei yake. Aliyeharibu mali hulipa, lakini hulipa kwa kadiri ya hasara. Taulo lililochakaa halilipwi kama jipya.

Kiamshakinywa nacho kikiletwa chumbani bila kuagizwa, kisha kikaonekana kwenye bili, kumbuka kwamba Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 haimlazimishi mtu kulipia kitu ambacho hakukiomba. Na ukisomewa bili yenye "pesa ya leseni ya kaunti", fahamu kwamba leseni ya biashara hulipwa na mwenye biashara. Si deni la mgeni.

Sasa, begi liko langoni na lori linasubiriwa. Usitoroke bila kulipa. Utajigeuza mshtakiwa katika jambo ambalo wewe ndiye mlalamishi. Omba bili iliyoandikwa kila ada kivyake, kisha umwite meneja, maana mhudumu wa zamu mara nyingi hana ruhusa ya kufuta hata shilingi hamsini. Lipa yale usiyoyapinga. Wakikataa kukuachilia, lipa zote ukiandika kwenye bili, "Nimelipa huku nikipinga shilingi 500 za mtu wa pili," pamoja na tarehe. Ipige picha. Kulipa hivyo hakumaanishi umekubali.

Ni heri ulipe kwa M-PESA kuliko kwa noti, kwa sababu ujumbe unaonyesha kiasi, saa na jina la biashara. Lakini usijaribu kuurudisha muamala kwa kutuma ujumbe kwa 456 ukidai ulikosea. Njia hiyo ni ya pesa zilizotumwa kimakosa, na hukukosea. Dai pia risiti ya kodi ya eTIMS. Biashara isiyotaka kuweka ada fulani kwenye risiti hiyo imekupa sababu nzuri ya kuitilia shaka.

Katiba imezipa kaunti jukumu la leseni za biashara na la kuhakikisha biashara inaendeshwa kwa haki. Kwa hivyo peleka bili na picha yako kwa maafisa wa biashara wa kaunti, au uanze kwa msimamizi wa wadi. Mamlaka ya Ushindani ya Kenya pia hupokea malalamishi ya watumiaji. Kwa kiasi kikubwa, kama bili ya mkutano au ya harusi, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 na inayotakiwa kuamua ndani ya siku 60.

Ulinzi huu hauulizi uraia. Mfanyabiashara kutoka Tororo aliyelala Malaba yetu anaupata. Ila uliyelala ng'ambo, malalamishi yako ni ya huko. Miji yetu ina majina yale yale pande zote mbili, kwa hivyo angalia risiti kabla ya kufunga safari ya ofisini. Wanaolipa kwa shilingi za Uganda waulize kiwango cha kubadilisha wanapochukua ufunguo, si asubuhi. Hapo ndipo bili huongezeka bila mstari wowote mpya kuandikwa.

Wenye lojing'i, karatasi moja ukutani kando ya dirisha la mapokezi inatosha: bei ya chumba, ya mtu wa pili, ya kuegesha, na saa ya kutoka. Iandikeni kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mtu aliyeendesha gari tangu Mombasa anaweza kuzisoma saa nne usiku.