Mkuu wa Kanisa la Mtakatifu Patrick, Dublin

Kanisa kuu hilo la Kianglikana huko Ayalandi halitawaliwi na askofu. Mwenye kauli humo ni Mkuu wa Kanisa, anayechaguliwa na makanoni wenyewe. Cheo hicho kilianza yapata mwaka 1220. Kikafutwa mwaka 1547, zama za Mfalme Henry wa Nane, kisha Malkia Mary akakirejesha mwaka 1555.

Aliyekipa sifa kuu ni Jonathan Swift, yuleyule wa Safari za Gulliver tulizozisoma shuleni. Alikipokea mwaka 1713 shingo upande, maana moyo wake ulikuwa Uingereza. Lakini mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza alipopewa kibali cha kutengeneza sarafu za shaba za Ayalandi, Swift aliandika barua mwaka 1724, akijifanya muuza nguo, akiwasihi watu wazikatae. Serikali iliahidi pauni 300 kwa atakayemtaja mwandishi. Mji mzima ulimjua; hakuna aliyemtaja! Mwaka 1725 kibali kilifutwa.

Alifariki mwaka 1745, akazikwa kanisani humo. Mali yake aliiusia ijengwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Ilifunguliwa mwaka 1757, na hadi leo ingali inatibu.