Rangi Yang'aa, Chuma Chaoza

Siku hizi vijana wengi wa kwetu waishi kwa pikipiki. Bukavu, Goma, Lubumbashi, kote twawaona wakibeba abiria toka alfajiri hata usiku, na karo ya watoto hutoka katika mapato hayo. Kwao chombo hicho ni kama jembe kwa mkulima. Lakini wengi huangalia injini tu. Shasi na mikono ya gurudumu hawaiangalii, maana rangi yake yang'aa, nao hudhani kwamba kinachong'aa ni kizima.

Vyuma vingi vya namna hiyo havikupakwa rangi ya maji wala ya mafuta. Vimefunikwa kwa rangi ya unga. Fundi hurusha unga mkavu kwa bunduki yenye nguvu za umeme, nao hushikamana na chuma kama vumbi lishikavyo nguo. Kisha chuma hutiwa katika tanuru lenye joto la digrii 180 hadi 200 hivi. Unga huyeyuka, huungana, na kuwa ngozi moja ngumu, ambayo unene wake kwa kawaida haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita. Mjerumani Erwin Gemmer ndiye aliyeanzisha njia hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1950. Yeye alichovya chuma cha moto katika unga ulioinuliwa kwa hewa. Bunduki ya umeme ilifuata katika miaka ya 1960.

Ngozi hiyo ni bora kabisa, ila ikitoboka mahali pamoja, taabu yaanza. Jiwe la barabarani laruka, lapiga, na chuma chabaki uchi, padogo kama punje ya mtama. Maji na hewa hupenya hapo, na kutu huzaliwa. Sasa jueni jambo hili: kutu hutaka nafasi kubwa kuliko kile chuma ilichokila. Basi yaisukuma rangi juu, maji yapata njia mpya chini yake, na kutu yatambaa mbele gizani. Kwa nje mwaona uvimbe mdogo tu. Ukiubonyeza kwa kisu, ngozi yatoka kipande kizima kama gome la mti mkavu, na chini yake ni wekundu mtupu.

Mara nyingi mwenye kosa si jiwe, bali fundi mwenye haraka. Chuma kisichooshwa mafuta, au kilichofunikwa kutu ingali ndani yake, hakishiki rangi hata kidogo. Hilo ni kaburi lililopakwa chokaa, kama Bwana wetu alivyowaambia Mafarisayo. Tena kwenye kingo kali unga ukiyeyuka huteleza, na rangi hubaki nyembamba mno. Penye maungio ya kuchomelea hubaki takataka za moto, na kutu hupenda kuanzia papo hapo. Tena wako wanaohesabu dakika toka chuma kilipoingia tanuruni, badala ya kuzihesabu toka chuma chenyewe kilipopata joto. Kipande kinene huchelewa kupata moto, na rangi yake hubaki mbichi ingawa kwa macho yaonekana imeiva.

Je, tufanye nini? Kwanza, tusipake rangi mpya juu ya uvimbe. Rangi yote iliyoachana na chuma ibanduliwe, hata tufike mahali inaposhika kweli. Kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma cheupe. Kutu iliyobaki katika vishimo yaweza kupakwa asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa kitu kisichokula tena chuma. Lakini dawa hiyo hufaa kwa mabaki madogo, si kwa magamba. Kisha chuma kioshwe, kikaushwe, kipakwe rangi ya kwanza yenye zinki siku ile ile, maana katika hewa yetu ya mvua chuma kilicho uchi hushika kutu kwa usiku mmoja. Rangi ya juu ifuate. Kazi hii haitapendeza kama ile ya tanuruni, lakini italinda.

Msichome rangi ya zamani kwa moto wa makaa. Moshi wake ni sumu, bati jembamba hupindika, na magurudumu ya alumini hupoteza nguvu zake. Wala springi na bolti ngumu zisilazwe katika asidi: chuma cha namna hiyo kikinywa asidi huwa kikavu kama kioo, na huweza kukatika ghafula bila dalili yoyote. Na ninyi vijana wa karakana mnaorusha mchanga kwa mashine ya hewa, vumbi la mchanga hukaa mapafuni lisitoke tena. Uingereza ilikataza mchanga huo katika kazi hiyo mwaka 1949. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi kabisa.

Jambo jingine husahauliwa na hata mafundi wema. Pale gurudumu linapokaa, na chini ya vichwa vya bolti, pasiwe na rangi nene. Rangi hupondeka kwa kukazwa na kutikiswa, bolti hulegea, na gurudumu huweza kuchomoka njiani.

Mkienda kununua gari lililotumika Ulaya, lalieni chini yake mtazame. Katika nchi nyingi za huko watu humwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, nayo hula shasi toka ndani ya mirija ambako rangi haikufika. Chukueni nyundo ndogo, mgonge polepole. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti nzito, na pengine nyundo huzama. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini ya gari kuukuu iwatie mashaka kuliko kutu inayoonekana, kwa maana ile inayoonekana yaweza kupimwa. Muuzaji akikataa msigonge, nendeni kwa mwingine. Na mkiona bomba la breki limeliwa, msilikwangue wala msilipake kitu: litolewe, lifungwe jipya kabla gari halijatoka uwanjani.