Fahamu: Kwa nini vifaa vya umeme kutoka ng'ambo huungua

Umeme wa majumbani Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Blenda ya Marekani ikichomekwa kwenye soketi ya Dar es Salaam hupokea karibu mara mbili ya volti zake, na huweza kuungua papo hapo. Adapta hubadili umbo la plagi tu, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha. Chaja iliyoandikwa 100–240V, 50/60Hz haina shida. Transfoma hushusha volti lakini haibadili hezi, hivyo mota nyingi za jokofu za hezi 60 huzunguka polepole, hupata joto kupita kiasi na kuchakaa mapema.