Kazi ya Mkutubi wa Vitabu vya Asia na Tatizo la Hati

Katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya vyenye kufanya uchunguzi wa mambo ya Asia, yupo mtu mmoja ambaye jina lake huonekana mara chache katika vitabu vya wanachuoni, ila pengine katika ukurasa wa shukrani. Naye ni mkutubi wa vitabu vya Asia. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi yake ni kununua vitabu, kuvipanga na kuviazimisha. Hayo huyafanya au huyasimamia. Lakini kiini cha kazi yake ni kazi ya lugha. Yeye ndiye aamuaye neno la Kichina, Kijapani au Kikorea liandikwe namna gani katika orodha, mwandishi ajulikane kwa jina lipi, na elimu ya watu wa Asia igawanywe katika mafungu gani. Uamuzi huo ukiwa mbaya, kitabu kimo nyumbani wala hakionekani. Na kitabu kisichoonekana katika orodha kina tofauti ndogo na kitabu kilichoungua. Makala hii yaeleza kazi hiyo kwa mifano michache, kisha yatazama maana yake kwetu sisi tunaoshughulika na Kiswahili, lugha ambayo nayo imeandikwa kwa hati mbili.

Vitabu vya Asia vilifika Marekani kabla ya kuwapo watu wengi wa kuvisoma. Mwaka 1869, katika zama za Mfalme Tongzhi, China ilipeleka zawadi ya vitabu kumi vya Kichina, vyenye juzuu zaidi ya 900, navyo vikawekwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Mwaka 1878 Yung Wing, Mchina aliyepata shahada katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1854, alikitunukia chuo hicho vitabu vyake zaidi ya elfu moja. Lakini kupokea vitabu si kuwa na maktaba. Maktaba huanza pale anapopatikana mtu wa kuvitia katika utaratibu.

Mfano mzuri ni wa Harvard. Mwaka 1928 iliundwa Taasisi ya Harvard-Yenching kwa mali ya urithi ya Charles Martin Hall, aliyetajirika kwa uvumbuzi wake wa njia ya kutengeneza alumini. Maktaba ya Kichina na Kijapani ya chuo hicho aliwekewa Alfred Kaiming Chiu, aliyejifunza ukutubi katika shule ya Boone mjini Wuchang, naye akaisimamia hata mwaka 1965. Chiu alikuta tatizo ambalo haliwezi kutatuliwa kwa bidii ya mikono tu. Wachina walikuwa na mgawanyo wao wa kale wa mafungu manne: vitabu vya misingi, vitabu vya historia, vitabu vya wenye hekima, na makusanyo ya fasihi. Maktaba za Marekani nazo zilikuwa na migawanyo yao, ambayo ndani yake vitabu vya misingi havikuwa na mahali pa pamoja. Yijing kingewekwa penye uaguzi, Shujing penye historia, na Shijing penye ushairi. Kwa mtazamaji wa nje mpango huo ni wa akili. Bali kwa Mchina ni sawa na kuvunja nyumba na kugawa matofali yake, maana vitabu hivyo vimesomwa na kufafanuliwa pamoja kwa muda wa miaka zaidi ya 2,000.

Chiu hakuuchukua mgawanyo wa kale kama ulivyo, kwa kuwa haukuwa na nafasi ya elimu ya viumbe wala ya uchumi, wala hakuutupa. Katika mpango wake, uliochapishwa mwaka 1943, alifanya mafungu makuu tisa, na la kwanza akaliacha kuwa la vitabu vya misingi. Baada yake yafuata falsafa na dini, historia, elimu ya jamii, lugha na fasihi, sanaa, elimu ya maumbile, kilimo na ufundi, na mwisho vitabu vya mambo mchanganyiko. Maktaba nyingine nyingi zenye vitabu vya Asia ya Mashariki zilifuata mpango huo kwa miaka mingi. Twajifunza hapa kwamba kugawanya vitabu ni namna ya kufasiri: apangaye mafungu huwa ametoa hukumu juu ya elimu ya watu wengine, ajue asijue.

Tatizo la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza, ni la hati. Orodha ya kadi hupangwa kwa alfabeti, na alama za Kichina hazina alfabeti. Kwa hiyo ilibidi kila neno liandikwe pia kwa herufi za Kirumi. Kwa muda mrefu maktaba za Marekani zilitumia mtindo wa Wade-Giles, uitwao hivyo kwa jina la Thomas Wade, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1867, na Herbert Giles, aliyeutengeneza zaidi katika kamusi yake ya mwaka 1892. Katika mtindo huo, *ch* bila alama ni sauti moja, na *ch'* yenye alama juu ni sauti nyingine, yenye mpumuo. Msomaji anayejua Kimvita ataelewa mara moja, kwa sababu hutofautisha *paa* la nyumba na *p'aa* wa mwituni. Kiswahili Sanifu kimeiacha alama hiyo, na maana hutambulikana katika sentensi. Lakini katika orodha hakuna sentensi. Pana jina tupu. Mpiga chapa akiisahau alama, jina la ukoo mmoja huingia katika ukoo mwingine.

Mwaka 1958 Bunge la China lilipitisha mtindo mpya, yaani Pinyin. Hata hivyo maktaba za Marekani zilikawia zaidi ya miaka arobaini kuufuata. Sababu haikuwa ukaidi mtupu: kadi na kumbukumbu zilizokwisha andikwa zilikuwa nyingi mno, na kubadili nusu na kuacha nusu ni kumpoteza msomaji mara mbili. Hatimaye mabadiliko yalianza rasmi tarehe 1 Oktoba 2000. *Chou* ikawa *Zhou*, *Teng* ikawa *Deng*. Wala Pinyin haikumaliza mambo. Majimbo mawili yaliyo jirani hutofautiana kwa toni tu, na toni haziandikwi katika orodha. Yangeandikwa yote mawili *Shanxi*, kama isingalikubaliwa kwamba moja liongezwe *a* na kuwa *Shaanxi*.

Kijapani kina ugumu wa namna yake. Alama zilezile zaweza kusomwa kwa njia nyingi, hasa katika majina ya watu. Jina la mwanamke lililoandikwa kwa alama mbili laweza kuwa Yūko, na laweza kuwa Hiroko, alama hazisemi. Mkutubi hana budi kutafuta ukurasa wa mwisho wa kitabu, ambapo mara nyingi usomaji huonyeshwa, au kuchungua vitabu vingine vya mwandishi huyo. Katika Kikorea mtindo wa McCune-Reischauer ulitolewa mwaka 1939. Mwaka 2000 Serikali ya Korea Kusini ikatangaza mwingine, na mji uliokuwa *Pusan* ukawa *Busan*. Maktaba za Marekani hazikuhamia mtindo huo mpya wakati ule. Hivyo mwanafunzi aliyezoea maandishi ya barabarani huko Korea hukuta herufi nyingine katika orodha, na asipoelekezwa hudhani kitabu hakipo.

Majina nayo hudai uchunguzi. Kiongozi aliyezaliwa mwaka 1866 na kufa mwaka 1925 hujulikana nchi za nje kwa jina la Sun Yat-sen. Wachina wengi humwita Sun Zhongshan. Na katika hati nyingine huitwa Sun Wen. Mwandishi Lu Xun, aliyeishi tangu 1881 hata 1936, jina lake la nyumbani ni Zhou Shuren, naye alitumia majina ya kalamu zaidi ya 100. Mkutubi huchagua jina moja liwe mlango mkuu, na majina mengine yote huyafanya milango midogo iongozayo kwenye ule mkubwa. Hata miaka yataka kufasiriwa. Mwaka wa 30 wa Jamhuri ya China, na mwaka wa 16 wa Shōwa wa Kijapani, yote miwili ni 1941. Na kitabu cha Korea Kusini kilichoandikwa mwaka 4290 si cha wakati ujao, bali kilichapishwa mwaka 1957. Wenye kusoma hati za pwani yetu, zilizowekewa miaka ya Hijra, hawatashangaa.

Licha ya kuorodhesha, iko kazi ya kupata vitabu na kuvihifadhi. Tsien Tsuen-hsuin alikuwa katika ofisi ya Shanghai ya Maktaba ya Taifa ya Peiping wakati wa vita vya Japani na China. Mwaka 1941 alishughulikia kupeleka Marekani masanduku 102 ya vitabu adimu, makundi kwa makundi, kabla bahari haijafungwa na vita. Vitabu hivyo vilipigwa picha katika Maktaba ya Bunge, vikajaza mafungu ya filamu zaidi ya 1,000, na mwaka 1965 vikapelekwa Taiwan. Tsien mwenyewe alifika Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1947, akawa mkutubi na mwalimu hata alipostaafu mwaka 1978.

Kwa upande wa India na Pakistan, vitabu vilipatikana kwa njia isiyotazamiwa. Sheria ya Marekani Namba 480 ya mwaka 1954 iliziruhusu nchi nyingine kununua nafaka ya Marekani kwa fedha zao wenyewe. Na tangu 1958 sehemu ya fedha hizo iliweza kutumiwa kununua vitabu. Mwaka 1962 ofisi za Maktaba ya Bunge zilifunguliwa New Delhi na Karachi, na vyuo vikuu kadhaa vikawa vinapelekewa vitabu vya lugha nyingi za huko. Mwaka 1966 ikafunguliwa ofisi ya namna hiyo Nairobi, ingawa kwa fungu jingine la fedha, nayo imekuwa njia mojawapo ya vitabu vya Kiswahili kufika maktaba za ng'ambo.

Mwaka 1983 maktaba za Marekani zilianza kuandika alama za Kichina, Kijapani na Kikorea katika orodha za kompyuta, na tangu miaka ya 1990 mpango wa Unicode umewezesha hati nyingi kukaa pamoja. Je, herufi za Kirumi zimekuwa hazina kazi? La. Msomaji anayejua sauti ya jina asijue alama zake bado huzihitaji. Tena limezuka jambo jipya: majarida mengi sasa hayanunuliwi, bali hukodiwa katika hazina za kompyuta. Mwaka 2023 hazina kubwa ya China, CNKI, ilizuia baadhi ya sehemu zake kwa wasomaji wa nchi za nje. Ikadhihirika kwamba rafu ya kukodi yaweza kuwa tupu kwa siku moja.

Mambo haya si ya Asia peke yake. Hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zina matatizo yayo hayo. Katika mwandiko wa zamani herufi moja iliweza kusimama mahali pa *b*, *p* na hata *mb*, hata *baba*, *papa* na *pamba* yakafanana. Asomaye huamua kwa maana na kwa mizani. Vilevile utungo mmoja huwa na majina mengi. Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ya mwaka 1728 ni miongoni mwa zile za kale zilizosalia, huitwa pia Chuo cha Herekali. Na neno lenyewe la *utendi* wengine huandika *utenzi*. Atafutaye kwa jina moja hana njia ya kulijua la pili, asipotengenezewa njia hiyo na mtu mwingine. Orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu zilizokuwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotungwa na J. W. T. Allen na kuchapishwa mwaka 1970, ni msingi mzuri wa kazi hiyo.

Yafaa basi tuchukue kwa wakutubi wa Asia mambo matatu. La kwanza, jina la utungo liandikwe kwa hati yake ya asili pamoja na herufi za Kirumi, isiachwe moja kwa ajili ya nyingine. La pili, majina yote ya utungo na ya mtungaji yakusanywe chini ya moja, wala lisifutwe hata moja. La tatu, anayesoma neno lenye utata aandike kwamba ni usomaji wake, ili ajaye baadaye aweze kuurekebisha. Kazi hii haina sifa nyingi, wala haimletei mtu jina. Lakini hati isomwayo vibaya mara moja katika orodha husomwa vibaya na kila aifuataye, na ile isiyoorodheshwa haisomwi na mtu yeyote.