Mimba baada ya fistula: usingoje uchungu

Mwanamke aliyetibiwa fistula akapona hana alama usoni. Analala mkavu, anapanda daladala bila wasiwasi wa harufu. Akishika mimba, mama mkwe au jirani humwambia: "Safari hii utajifungua mwenyewe, njia imeshafunguka." Kauli hiyo hunitisha kuliko mimba yenyewe.

Fistula kwa kawaida hutokana na uzazi pingamizi. Kichwa cha mtoto hukwama kwenye nyonga na kukibana kibofu dhidi ya mfupa wa kinena, pengine kwa siku mbili. Damu haipiti, nyama iliyobanwa hufa, na siku chache baadaye hubanduka na kuacha tundu linalovuja mkojo usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye huwa ameshafariki. Tundu likizibwa panabaki kovu gumu, lisilovutika, lenye damu haba. Na nyonga ni ile ile. Kichwa kikipita hapo tena, tundu laweza kufunguka upya, na kulishona mara ya pili ni kugumu zaidi.

Ndiyo maana tunapanga upasuaji wa kujifungua, kwa kawaida wiki ya 38 au 39, kabla uchungu haujaanza. Si upasuaji mwepesi: kibofu kinaweza kuwa kimegandana na mfuko wa uzazi, kwa hiyo anatakiwa daktari mzoefu, damu iwe tayari, na mpira wa mkojo uwekwe mapema. Kuufanya usiku wa manane kwa dharura ni kujitafutia matatizo.

Mimba peke yake haifumui mshono uliopona vizuri, mradi haikushikwa haraka. Tunaomba angalau miezi 3 bila tendo la ndoa, na wengi wetu hushauri mwaka mmoja kabla ya mimba. Kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla mama hajatoka wodini, na mume akiwepo.

Mjamzito akikohoa na matone yakatoka, huingiwa na hofu kwamba fistula imerudi. Huenda siyo, wajawazito wengi ambao hawajawahi kuugua fistula huvuja hivyo. Kipimo ni rahisi: pamba huwekwa ukeni, kibofu hujazwa maji ya rangi ya bluu kwa mpira. Pamba ya ndani ikitoka na bluu, kuna tundu. Kosa kubwa ni kupunguza kunywa maji ili usivuje, kwani hilo hukaribisha maambukizi ya mkojo.

 

Umbali ndio adui. Anayeishi mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji ahamie karibu nayo tangu wiki ya 36, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria wajawazito. Wengine hawahami kwa sababu mume wa sasa hajui habari za fistula, na kliniki pia hawasemi. Muuguzi amuulize mjamzito faraghani. Kama neno fistula ni zito kuandikwa kwenye kadi, iandikwe: "Ana kovu la upasuaji, asijifungue kwa njia ya kawaida." Mkunga wa zamu akisoma hivyo usiku, ataita gari la wagonjwa bila kuuliza mengi.