Kazi ipo, ila haina kibao mlangoni

Wanafunzi wangu wa uuguzi na utabibu hapa Tabora wanaliona somo la maadili kama la kujazia ratiba. Ndiyo maana kipindi cha kwanza siwapi nadharia. Nawapeleka Kwihara, kwenye tembe alimokaa mmisionari na msafiri David Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi.

Tukifika, simzungumzii sana yeye. Nawaeleza habari za watumishi wake, Abdallah Susi na James Chuma. Livingstone alifariki kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao wakauzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa vitambaa, gome la mti na turubai, wakaubeba. Oktoba waliingia Kwihara, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwataka wauzike hapahapa. Wakakataa. Yeye akachukua sehemu kubwa ya vifaa vya kupimia vya marehemu. Wao wakaendelea na njia hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Mwili ulizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Basi nauliza: maiti ni ya nani? Mwajiri akifa, wajibu kwake unakwisha? Vifaa vile Cameron alivichukua kwa haki gani? Safari moja kijana alinijibu, "Mwalimu, wale walikuwa wanafuata mshahara wao tu." Darasa likacheka. Sikumpinga, ila nikamuuliza kama mtu anayedai ujira wake hawezi pia kuwa anatimiza wajibu. Mjadala ule ulitufikisha mjini tukiwa bado tunabishana.

Mimi nilisoma falsafa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maadili yakiwa ndani yake. Mjomba wangu, mkulima wa tumbaku Urambo, aliniuliza, "Haya mama, ukimaliza hiyo utaajiriwa na nani, parokia?" Swali lilikuwa la haki. Tangazo la ajira linalomtafuta mtaalamu wa maadili kwa jina hilo ni nadra. Wengi huingilia mlango wa fani nyingine: sheria, utumishi, ukaguzi, afya.

Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyesoma na baadaye kufundisha hapa Tabora, alisoma falsafa ya maadili Edinburgh pamoja na historia na uchumi. Chini yake, Azimio la Arusha la 1967 likaja na miiko ya uongozi: kiongozi asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Mwaka 1991, kwa Azimio la Zanzibar, miiko ile ililegezwa. Leo Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma, chini ya sheria ya mwaka 1995, hupokea matamko ya viongozi kuhusu mali na madeni yao. Kati ya kukataza na kutaka mtu atamke kuna umbali mrefu, na mimi bado nina kinyongo nao. Lakini kuyahakiki matamko hayo ni ajira.

Uwanja ninaoujua zaidi ni utafiti wa afya. Muhimbili wanafundisha maadili ya tiba hadi shahada ya uzamili, na utafiti unaohusisha watu hauanzi kabla ya kupata kibali cha kimaadili. Nami nimo kwenye kamati moja ya kupitia maombi hayo. Kuna fomu ya ridhaa iliyotufikia ikiwa safi: Kiswahili chepesi, nafasi ya dole gumba kwa asiyejua kusoma, na sentensi kwamba mshiriki anaweza kujitoa bila kupoteza huduma. Shida ilikuwa kwa mwenye kuishika. Muuguzi aliyepanga foleni ya kina mama wenye watoto wa homa ndiye huyohuyo angewaomba wakubali. Mama gani angemwambia hapana? Tuliirudisha. Mtafiti alinuna, akalalamikia muda na bajeti, mwishowe akaajiri mtu mwingine wa kuomba ridhaa, katika chumba tofauti, baada ya mtoto kuonwa na daktari.